Mshale Ukishaingia

Duniani kuna watu ambao kazi yao ni kuiuliza kompyuta swali moja gumu: ukipewa nafasi ya kushinda, utashinda kweli? Huchukua ubao wa sataranji wakaupanga vita ikiwa imekwisha pamba moto. Mfalme wa upande mmoja yuko wazi, askari waliomkinga wameng'olewa, na upande wa pili umekwisha kutoa kafara farasi au mnara ili njia ifunguke. Hapo huziachia programu mbili zipambane. Mchezo ukiisha wanapanga ubao uleule upya, na programu zinabadilishana pande, iliyokuwa ikishambulia sasa ijilinde. Hufanya hivyo maelfu ya mara, kisha huhesabu ni ipi iliyogeuza shambulizi kuwa ushindi, kwa hatua ngapi, na ni ipi iliyoliacha shambulizi likapoa mpaka sare.

Wanalazimika kupima kwa njia hiyo kwa sababu programu za siku hizi zimekuwa na nguvu kupita kiasi. Zikianza mchezo sawa kwa sawa, michezo mingi huishia sare. Desemba 2017 dunia ilishangaa kusikia kwamba AlphaZero, programu iliyojifundisha sataranji kwa kucheza na nafsi yake kwa saa chache tu, imeikabili programu nyingine, Stockfish, katika michezo 100 bila kushindwa hata mmoja. Waliosoma matokeo kwa makini waliona kwamba ilishinda 28, na 72 iliyobaki ilikuwa sare. Kwa hiyo mpimaji hutafuta ubao ambao tayari umeinama upande mmoja, ndipo tofauti ya uwezo ionekane.

Katika kupima huko wakakuta jambo ambalo mimi huliona kuwa miongoni mwa maajabu ya zama zetu. Programu iitwayo Leela Chess Zero, iliyofuata nyayo za AlphaZero, ilikuwa na kipaji cha kushambulia. Lakini mara nyingi ilipokwisha kumweka mpinzani mahali pa kushindwa, ilianza kuzungukazunguka. Ingeweza kumaliza mchezo kwa hatua tano, nayo ikasogeza mnara huku, ikaurudisha kule. Haikuwa imechoka wala haikuwa na huruma. Ilikuwa imefundishwa kupima jambo moja tu, uwezekano wa kushinda, na mbele yake njia kumi zote ziliahidi ushindi uleule. Hakuna kilichoiambia kwamba ushindi wa karibu ni bora kuliko wa mbali. Wakati huohuo sheria ya sataranji inasema kwamba zikipita hatua 50 za kila upande bila kete kuliwa wala askari kusogea, mchezaji yeyote anaweza kudai sare. Basi mwaka 2020 waundaji wake waliipachika sehemu mpya ndani ya ubongo wake wa hesabu, sehemu ya kukadiria hatua zilizobaki kabla mchezo haujaisha. Baada ya hapo ikajifunza kumaliza.

Tutulie hapo kidogo. Mashine inayopitia mamilioni ya matawi ya mchezo, iliyomzidi kila binadamu aliye hai katika mchezo huo, ilihitaji kupewa hisia ya wakati. Kuona ushindi ni kipawa kimoja, kuufikisha mwisho ni kingine, na cha pili hakikuja chenyewe kwa sababu cha kwanza kimekamilika.

Binadamu naye anapimwa papo hapo. Januari 1999, katika mashindano ya Wijk aan Zee, Uholanzi, Garry Kasparov alicheza na Veselin Topalov mchezo ambao wapenzi wa sataranji wanausimulia hadi leo. Hatua ya 24 Kasparov alitoa mnara. Topalov akaupokea. Kuanzia hapo mfalme mweusi wa Topalov alifurushwa nyumbani kwake, akasukumwa hatua kwa hatua akiuvuka ubao mzima mpaka akafika mstari wa kwanza wa Kasparov mwenyewe, na hatua ya 44 Topalov akakubali kushindwa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha mambo mawili. Topalov angeukataa mnara ule na kumsogeza mfalme wake pembeni, shambulizi lingekosa nguvu. Na Kasparov mwenyewe, hatua ya 28, alikuwa na njia yenye makali zaidi ambayo hakuiona. Hata hivyo alifika. Alikosea njia iliyo fupi kuliko zote, akabaki anajua anakokwenda, na ubongo wake wakati wote huo ulikuwa ukitumia nguvu inayokadiriwa kuwa wati 20 tu, pungufu ya balbu nyingi za zamani.

Wazee wa bao la Kiswahili hawatashangazwa na habari hii. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kula peke yake hakumpi mtu ushindi. Unaweza kupata mtaji mnono, yaani nafasi ya kula, ukazungusha kete mzunguko baada ya mzunguko huku watazamaji wakipiga kelele, kisha kete ya mwisho ikalala mahali ambapo mwenzako anakusafisha safu ya mbele yote. Mtafiti Alex de Voogt, aliyekaa na mafundi wa Zanzibar na kuandika kitabu kuhusu umahiri wao mwaka 1995, alishuhudia uwezo wao wa kuhesabu kichwani mizunguko ambayo mtu wa kawaida hupotea kabla haijafika nusu. Baadaye wataalamu wa kompyuta wa Maastricht, Uholanzi, nao walijaribu kuifundisha mashine bao, wakaona ni mchezo mgumu kuuprogramu. Fundi wa Unguja hakuhitaji kupachikwa chochote. Alizaliwa na kichwa chenye nafasi ya kukaa jambo hilo, akakilea barazani.

Hisia hiyo ya wakati, ya kujua kwamba sasa ni sasa na baadaye ni baadaye, Muumba aliiweka wapi katika viumbe wake? Nilipojiuliza hivyo sikulazimika kwenda mbali. Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zina majibu zaidi ya moja, na yanatofautiana mno kiasi kwamba mtu hubaki akishukuru.

Jibu dogo kuliko yote linaruka juu ya maji. Chini ya Mlima Hanang, uliosimama zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, kuna maziwa ya kreta, na mojawapo ni Basotu. Simama ukingoni mwa maji kama yale jua likiwa limepanda, utamwona kereng'ende ametulia juu ya unyasi. Inzi mdogo anapita juu. Kereng'ende ananyanyuka, anapotea machoni, na kabla hujamtafuta amerudi kwenye unyasi uleule akitafuna. Safari nzima haifiki sekunde moja.

Wanasayansi waliowachunguza kereng'ende kwa kamera za kasi wamekuta kwamba hukamata zaidi ya asilimia 90 ya mawindo wanayoyarukia. Simba wa Serengeti hana fahari ya namna hiyo, maana hukosa mara nyingi kuliko anavyopata. Siri ya kereng'ende ni kwamba hamfukuzi inzi. Huruka kuelekea mahali ambapo inzi atakuwa, akirekebisha mwendo wake ili taswira ya inzi ibaki imetulia pale pale kwenye jicho lake. Amri za kurekebisha huko zinashuka kutoka kichwani kwenda kwenye mabawa kupitia kundi la seli za fahamu 16 tu. Kumi na sita! Mashine zetu zina vipimo vya ndani vinavyohesabiwa kwa mamilioni. Mdudu huyu, ambaye ukoo wake uliruka angani kabla dunia haijaona ndege hata mmoja, amepewa seli kumi na sita, naye anamaliza. Sina namna nyingine ya kulitazama hilo isipokuwa kwa kicho.

Kwa kereng'ende, kuanza kushambulia na kumaliza ni tendo moja, wakati haumpi nafasi ya kusitasita. Ukitaka kuona kipawa cha kumalizia kikiwa kimenyooshwa hadi urefu wake, lazima uondoke Hanang, upande nyanda za juu za Mbulu zenye mashamba ya Wairaqw, kisha ushuke upande wa magharibi kuelekea Bonde la Yaeda. Baridi inabaki nyuma yako. Mahindi na ngano vinakoma, miiba na mibuyu inaanza, na mbele kabisa, kaskazini-magharibi, ziko bapa nyeupe za chumvi za Ziwa Eyasi. Ni nchi ya ajabu kwa namna nyingi. Ndani ya eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa gari wanaishi Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wabarbaig na Wadatoga wengine wenye lugha ya Kiniloti, majirani Wabantu kama Wanyiramba, na Wahadzabe, wenye lugha ya vidoko ambayo wataalamu wa isimu hawajaithibitisha kuwa na ndugu yeyote duniani.

Wahadzabe ni wachache, elfu moja na kitu hivi, na baadhi yao hadi leo wanapata chakula chao kwa upinde, kwa kuchimba mizizi na kwa asali. Ukimtazama mwanamume wa Kihadzabe akiandaa mshale, unaona jinsi alivyokwisha kufikiria mwisho wa windo kabla halijaanza. Anachukua msumari mkubwa, anauweka juu ya jiwe, anaugonga kwa jiwe jingine bila moto, polepole, mpaka unakuwa bapa na kupata makali na ndoano. Anaufunga kwenye mti alioukaza na kuunyoosha kwa meno na mikono. Nyuma yake anaunga manyoya ya ndege ili mshale uende sawa. Kisha kwenye shingo ya chuma anapaka sumu nyeusi, nzito, iliyochemshwa kutokana na mimea ya bonde hilohilo, na kuizungushia ukanda mwembamba wa ngozi isije ikakauka au ikamkwaruza yeye mwenyewe.

Mmoja wa mimea hiyo ni Adenium, kichaka chenye shina nene na maua mekundu-waridi ambacho watu wa mjini hukipanda kwenye vyungu kwa ajili ya urembo. Mwingine ni wa jamii ya Strophanthus. Sumu ya yote miwili hufanya kazi mahali pamoja. Huziba vipampu vidogo mno vilivyo katika kuta za seli za moyo, vile vinavyosukuma chumvi nje na kuingiza nyingine ndani, na moyo uliokosa vipampu hivyo hupoteza mapigo yake. Nani aliwaambia watu wa Yaeda kwamba ndani ya mmea ule mna kitu kinachojua njia ya kwenda moyoni? Ulaya iliijua habari hii kwa kuchelewa. Daktari John Kirk, aliyesafiri na David Livingstone huko Zambezi na baadaye akawa balozi wa Uingereza Zanzibar, aligundua kwamba mswaki wake ulikuwa umegusana na sumu ya mishale ya huko, inayotokana na ndugu wa huyo Strophanthus. Alipousugulia meno alisikia uchungu mdomoni na mapigo ya moyo wake yakapungua. Sampuli za mmea huo zilifika kwa Thomas Fraser wa Edinburgh, naye akapata humo dawa iliyowatibu wagonjwa wa moyo kwa miaka mingi. Kitu kilekile kinachosimamisha moyo wa pofu, kikipimwa kwa hadhari, huusaidia moyo wa binadamu uliodhoofika. Muumba hakuficha tiba mbali na sumu.

Sasa mwindaji amemkaribia mnyama. Tuseme ni tandala. Ametembea kinyume cha upepo, ameinama, amesubiri, upinde mgumu umevutwa, na mshale umeingia ubavuni. Mimi, na nadhani wengi wetu tuliokulia mjini, tungedhani hapa ndipo mahali pa kukimbia. Mnyama yuko pale, amejeruhiwa, anakwenda. Mfuate!

Mwindaji hamfuati. Anaweza kupasogelea mahali mshale ulipopigia, akaokota kijiti kilichovunjika, akatazama damu ni ya rangi gani, akaweka akilini mnyama ameelekea wapi na alikuwa na wenzake wangapi. Kisha anamwacha. Mara nyingi anarudi kambini, na huenda asiseme mengi usiku ule. Anajua kwamba mnyama akifukuzwa atakimbia kwa hofu, atatoka eneo analolifahamu, atavuka makorongo, na sumu itammaliza mbali ambako watu hawatafika. Akiachwa bila kusikia hatua za mtu nyuma yake, atapunguza mwendo, atatafuta kivuli, atalala chini. Sumu inataka saa zake. Kuingilia kati ni kuiharibu.

Lakini kusubiri nako kuna mwisho. Fisi wa Yaeda nao wana pua. Tai wakianza kuzunguka angani kesho yake, kila mwenye tumbo bondeni amepata habari. Mwindaji akichelewa kwa nusu siku atakuta mifupa. Ndiyo maana alfajiri anatoka, mara nyingi na wenzake, na kuanza kusoma ardhi. Hapa kwato ziliingia udongoni kwa nguvu, alikuwa anakimbia. Hapa zimekaribiana, ameanza kutembea. Hapa amegeuka nyuma kusikiliza. Damu yenye povu ni ya mapafu, nyeusi ni ya ndani zaidi, na tone moja juu ya jani, kwenye kimo cha kiuno, linaeleza jeraha liko wapi. Hapa ukwato mmoja unaburutwa. Mahali pagumu ambapo mimi ningeona mawe matupu, wao wanaona jiwe lililogeuzwa likaonyesha upande wake wenye unyevu, na wanajua kwamba kwa kuwa halijakauka, hawako nyuma sana.

Ile sehemu ambayo wahandisi waliipachika kwenye programu yao mwaka 2020, ya kukadiria mwisho uko umbali gani, mwindaji wa Yaeda anayo tayari, na ndani yake ina pande mbili. Inamwambia lini aharakishe, na inamwambia lini asifanye chochote. Hesabu hiyo haiandikwi popote. Mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo angali mdogo sana, akaanza na ndege na panya wa vichakani, na kufikia utu uzima ameshasoma vitabu vingi vya mchanga.

Hata hivyo tusiipake sukari. Kristen Hawkes na wenzake waliokaa na Wahadzabe katika miaka ya 1980, wakipima kila kilichoingia kambini, walikuta kwamba ukihesabu siku za mwindaji mmoja mmoja, karibu 97 katika kila 100 ziliisha bila kupata mnyama mkubwa. Soma tena takwimu hiyo ukimkumbuka kereng'ende. Mtu mwenye ubongo mkubwa kuliko wa simba, mwenye sumu inayojua njia ya moyo, mwenye elimu ya ardhi ya vizazi na vizazi, anarudi mikono mitupu siku tisini na saba. Wapo watakaosema huo ni udhaifu. Mimi naona humo ndimo ilimo sababu ya kila kitu kingine. Kiumbe anayepata mnyama mkubwa siku chache namna hiyo hawezi kuishi peke yake. Lazima wawepo mke na bibi wanaochimba mizizi kila siku bila kukosa, lazima wawepo wenzake ambao leo wamepata yeye akiwa amekosa.

Na kwa kweli nyama ikipatikana, haiwi ya aliyepiga. Watu wa kambi huenda kuibeba, hugawana, na aliyeua hana mamlaka ya kuamua nani ale na nani asile. Sehemu fulani zenye heshima, ziitwazo epeme, huliwa na wanaume watu wazima pamoja, kwa siri na kwa adabu ya kidini. Mpimaji wa sataranji humwandikia mshindi pointi moja na karatasi inafungwa. Yaeda ushindi hauhesabiwi mpaka umefika kwenye sufuria za watu ambao hawakuuona mshale ukiruka.

Bado kuna windo moja ambalo limenifanya nimtukuze Mungu kuliko hayo yote, kwa sababu ndani yake anayejua na anayemaliza ni viumbe wawili tofauti, na hakuna anayeweza kazi ya mwenzake. Katika vilima vya Kidero, juu ya Yaeda, yuko ndege mdogo asiye na urembo, wa kijivu na kahawia, anayeonyesha asali. Ndege huyu hula nta, chakula ambacho viumbe wachache mno wanaweza kukisaga tumboni. Anajua mzinga uko kwenye mbuyu gani. Lakini mdomo wake hauwezi kupasua shina, na nyuki wakimshambulia kwa wingi wanaweza kumuua. Amesimama mbele ya ushindi ambao hawezi kuufikia. Binadamu naye ana shoka, ana moto na moshi wa kuwapumbaza nyuki, lakini anaweza kupita chini ya mbuyu uleule bila kujua kilichomo.

Basi Mhadzabe hupiga mluzi. Ndege humjibu kwa kelele za harakaharaka, huruka mti wa mbele, hungoja, huruka tena. Wakifika, hunyamaza au hubadili sauti, na mtu hutazama juu kutafuta tundu. Brian Wood na wenzake walipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Kwa msaada wa ndege, kasi ya Wahadzabe ya kupata mizinga iliongezeka kwa asilimia 560. Mwaka 2023 Wood na Claire Spottiswoode walichapisha majaribio mengine. Waliwachezea ndege wa Kidero mluzi wa Wahadzabe, na pia mlio ambao Wayao wa Niassa, Msumbiji, hutumia kuwaita ndege wa kwao. Ndege wa Kidero waliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa kigeni. Wale wa Niassa walifanya kinyume chake.

Fikiria yanayotakiwa ili hayo yawezekane. Ndege huyu halei watoto wake. Mama huliacha yai kwenye kiota cha ndege wa aina nyingine, na kinda hulelewa na wageni wasiojua habari za nta wala za binadamu. Hakuna mzazi wa kumwambia kwamba yule kiumbe wa miguu miwili ana shoka. Hamu ya kuongoza amezaliwa nayo. Lugha ya kuitwa amejifunza mwenyewe, papo hapo alipokulia, kwa watu wa hapohapo. Aliyeziunganisha hizo mbili ndani ya kichwa kidogo namna ile aliujua mwanzo wa jambo na mwisho wake.

Na mwisho wake hauna usawa wa kitabuni. Watafiti waliona kwamba Wahadzabe mara nyingi humnyima ndege malipo yake. Huichoma nta iliyobaki au huifukia ili abaki na njaa na aendelee kuongoza kwenda mzinga mwingine. Wayao wao humwachia nta kwa heshima. Ndege anakubali kufanya kazi chini ya desturi zote mbili.

Haya yote yanahitaji mahali. Kwa miaka mingi msitu wa Yaeda ulipungua, mashamba yakishuka kutoka nyanda za juu na mifugo ikiingia kutafuta malisho na chumvi. Mwaka 2011, kwa msaada wa Ujamaa Community Resource Team, Wahadzabe wa Domanga na Mongo wa Mono walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000, miliki ya jamii nzima, jambo ambalo halikuwa la kawaida nchini. Baadaye walianza kulipwa kwa kuilinda miti yao, kupitia mradi wa hewa ukaa wa Carbon Tanzania, na mwaka 2019 juhudi zao zilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vijana wa jamii hiyo wanazunguka sasa kama walinzi, wakiandika walichokiona: mti uliokatwa, nyayo za tandala, kambi ya wageni, mbuyu wenye nyuki.